Gogo Lililosuguliwa kwa Sabuni

"Hilo gogo linatoka leo, jirani. Kama unalipenda sana, toka nalo," alisema Redio, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimemlegea upande mmoja kwa hasira.

"Halitoki. Nimekuomba wiki mbili, sijakuomba figo."

"Wiki mbili? Mama mkwe wangu anafika Jumatatu. Wewe humjui yule mama. Akiingia hapa uani hataniuliza hali, ataliuliza gogo. Atasema mwanawe alioa akahamia jalalani."

"Mwambie gogo ni langu."

"Niseme ni lako, aseme nimeshindwa hata na jirani."

Mtu mmoja dirishani alicheka, kisha akajitia anakohoa. Asubuhi ile ya Jumamosi madirisha yote sita ya uani yalikuwa wazi, na wala hakukuwa na joto.

Aliyekuwa akilitetea gogo ni mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwembamba, miwani yake imefungwa plasta mguu mmoja. Pale uani walimwita Mama Bahasha. Hakuwa na mtoto wa jina hilo, msije mkamtafuta. Ni kwamba kila jioni alikaa barazani kwake akikunja bahasha ndogondogo za karatasi, huku akiitikia salamu bila kuinua uso. Alifanya kazi hebaria, lile jengo la ghorofa moja nyuma ya chuo, ambako majani, maua na uyoga uliokaushwa hutiwa kwenye bahasha, hupewa namba na kupangwa makabatini, ili mtu akitaka kujua kitu gani kiliota wapi na mwaka gani akikute kinamsubiri. Redio naye jina lake halihitaji maelezo marefu. Jambo likitokea uani saa mbili, saa mbili na robo limeshafika kona ya pili, tena limenenepa.

Gogo lenyewe liliachwa na seremala aliyehama mwaka juzi. Alisema atarudi kulichukua. Mafundi wanasema mengi. Likabaki nyuma ya bafu la pamoja, chini ya bomba linalovuja, likaoza kwa raha zake. Siku mbili kabla ya ugomvi huu Mama Bahasha alikwenda kuanua nguo, kibanio kikamponyoka, akainama kukiokota, akabaki ameinama hapohapo. Upande wa gogo unaotazama ukuta vilikuwa vimeota vikombe saba. Ni uyoga, lakini si ule wa mwavuli. Huu una umbo la kikombe kisicho na mkono, na kila kimoja hakikuzidi punje ya dengu: njano ya kiini cha yai, na ukingoni vinywele vyeusi kama kope.

Mtu mzima agombane na jirani yake kwa vitu saba vya ukubwa wa dengu? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Miaka kumi na saba kabla, Mama Bahasha aliingia hebaria na ufagio. Alikuwa mfagiaji. Chumba cha mwisho kilikuwa cha mzee mmoja waliyemwita Mwalimu, ingawa hakuwa na darasa wala wanafunzi. Kazi yake ilikuwa kuokota vile vikombe vidogo. Alikwenda msituni na kisu, visanduku na lenzi inayoning'inia shingoni, akarudi na vipande vya miti mibovu kana kwamba kaleta zawadi. Kabla kikombe hakijakauka, alikaa akaandika rangi yake, harufu yake, na kilikuwa kimeota juu ya nini. Kwa sababu uyoga ule ukishakauka hauna tofauti na makombo ya mkate. Rangi imekwenda, umbo limejikunja, ushahidi wote umebaki kwenye maandishi na kwenye darubini.

Wiki yake ya tatu kazini, mfagiaji alikuta karatasi imefunguliwa juu ya meza ya Mwalimu, na juu ya karatasi makombo. Akayapangusa, akayatupa, akaifuta ile meza mpaka ikang'aa, akaondoka huku anajisifu moyoni.

Kesho yake Mwalimu hakugomba. Alivuta stuli akaiweka kando ya meza yake. "Binti," akasema, "kaa hapa nikuonyeshe kazi yangu, upate kujua uchafu upi ni uchafu."

Yeye alidhani mzee kachoka upweke. Akakaa ili kumridhisha. Kesho yake akakaa tena. Akaonyeshwa kushika lenzi karibu na jicho na si karibu na uyoga, kukata kwa wembe kipande chembamba cha kupitisha mwanga, kukunja bahasha isiyomwaga. Baada ya miaka miwili ufagio alipewa mtu mwingine, yeye akapewa meza. Chumba chake cha madirisha mawili, ada za wadogo zake, ile hali ya watu wenye shahada zao kumwuliza, "Dada, hebu tazama hiki, wewe unaonaje?", vyote vilitoka kwenye stuli ile.

Na siku moja, akipanga kabati, alifungua bahasha namba mia tatu kumi na nane akaikuta tupu. Juu yake Mwalimu alikuwa ameandika: juu ya gogo bovu, njano ya kiini cha yai, kope nyeusi, ikiminywa hugeuka kijani papo hapo. Chini, kwa penseli: sampuli imepotea mezani. Na tarehe. Ile tarehe aliifahamu. Ilikuwa siku ya meza kung'aa.

Alikaa sakafuni na bahasha mkononi. Lakini hakusema. Siku zikapita, zikawa miaka, na jambo ambalo hukulisema mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi utalianzia wapi?

Kibaya zaidi, kikombe kile hakikuonekana tena. Wataalamu waliokuja kutazama makabati walitikisa vichwa. Kikombe cha njano kinachogeuka kijani, sehemu hizi? Walisema huenda macho ya mzee yalikuwa yameanza kuchoka. Na kweli yalikuja kuchoka. Mwalimu alistaafu akiwa anatambua watu kwa sauti. Mkuu mpya wa hebaria, mwanamke mnyoofu asiye na ubaya, alikuwa sasa anaandaa orodha kamili ya kuchapishwa. "Namba isiyo na kitu ndani siwezi kuichapisha, dada yangu," alimwambia Mama Bahasha. "Niletee kitu. Usiponiletea, Ijumaa ya wiki ya pili naifuta."

Basi mnaelewa kwa nini alisimama mbele ya lile gogo kama analinda mtoto. Kuvichuma palepale hakungesaidia kitu, maana vilikuwa vichanga. Kikombe kilichokomaa ukikipulizia pumzi ya mdomo hutulia kidogo, halafu hutoa moshi mwembamba, na ule moshi ndio mbegu zake. Hivi vilipuliziwa mara nne na havikutoa kitu. Kuminya hata kimoja, aone kama kitageuka kijani, aliogopa. Vilikuwa saba tu.

"Haya," Redio alisema mwishowe, alipoona madirisha yameanza kumwelemea. "Haliondoki. Lakini lisinitie aibu mbele ya mama mkwe."

Mama Bahasha alishukuru mara tatu, hakuuliza maneno yale yana maana gani. Tena hakumweleza mwenzake habari ya vikombe, kwa kuhofia mtaa mzima ungekuja kuvigusa. Hapo ndipo alipokosea.

Jumatatu alipotoka kazini alimkuta Redio langoni, uso unachekelea.

"Jirani, leo utanipenda."

Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya bafu. Gogo halikuwepo pale. Lilikuwa katikati ya ua, juu ya matofali manne, juani, limetakata kama limetoka dukani. Na juu yake alikuwa ameketi mama mkwe, miguu ameipandanisha, anakunywa chai.

"Ulisema lisiondolewe, sijaliondoa," Redio alisema. "Nimelisugua kwa sabuni na brashi, huku na huku. Hata vile vipele vya njano vya kule nyuma, vyote nimevikwangua. Mama amelisifu."

"Gogo zuri," alisema mama mkwe.

Maneno yalimjaa Mama Bahasha mdomoni, na baadhi yake hayaandikiki. Alimtazama Redio. Akauona ule uso, uso wa mtu aliyefanya kazi ngumu kwa moyo wake wote na sasa anangoja kuambiwa vizuri, na akautambua. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe, mlangoni pa chumba cha Mwalimu, na ufagio mkononi. Maneno yakarudi chini.

"Asante kwa kuhangaika," alisema. "Hivyo vipele... umevitupa wapi?"

"Vimekwenda na maji. Tena vina balaa vile, vimeniharibia brashi. Ona."

Ilikuwa brashi mpya ya nywele nyeupe. Nusu yake sasa ilikuwa kijani, kijani cha jani linalochipua.

Mama Bahasha aliichukua, akatoa lenzi mfukoni, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu machozi yakaanza kumtoka huku anacheka.

"Jirani," Redio alisema taratibu, "brashi ni yangu. Kama ni kulia, nilie mimi."

"Njoo kwangu. Njoo ukae nikuonyeshe kitu."

Akamkalisha mezani kwake, akamshikisha lenzi, akamwonyesha vikombe vingine vilivyokauka, vimelala kwenye bahasha zao. Akamweleza habari yote tangu mwanzo, pamoja na lile jambo la kupangusa meza, ambalo hakuwahi kumwambia mtu aliye hai. Redio alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, na walio uani wanasema haikuwahi kutokea kabla ya hapo.

"Na nani mwingine analijua hili?" aliuliza.

"Wewe wa kwanza."

"Mimi? Katika watu wote wa dunia hii ukanichagua mimi? Mama, wewe hauko sawa." Akafuta pua kwa kiganja. "Kwa hiyo nimeviua."

"Kikombe ni kama tunda tu. Mwenyewe yumo ndani ya mbao, ni nyuzi nyembamba kuliko unywele. Sabuni ikisuuzwa, gogo likirudi kwenye unyevu na kivuli, linaweza kuzaa tena. Linaweza. Sikuahidi."

"Kabla ya Ijumaa ile?"

"Hilo sijui."

Redio alikuwa ameshasimama. Alitoka uani akafanya jambo ambalo halijapata kufanywa na mke wa mtu yeyote pale: alimwambia mama mkwe wake ainuke.

Kisha mama mkwe akauliza kwa nini, akaelezwa, akaomba aelezwe tena pale kwenye mfagiaji na makombo. Akainuka. "Mngesema mapema," alinung'unika. "Nimelikalia tangu saa saba."

Walilisuuza gogo kwa maji matupu, ndoo baada ya ndoo, wakalirudisha chini ya bomba, upande uleule ukitazama ukuta, wakalifunika magunia yaliyoloweshwa. Kuanzia hapo Mama Bahasha hakuwa tena na neno kuhusu gogo lake. Redio alipanga zamu za kumwagilia. Alimkataza fundi bomba asiguse ule uvujaji ambao yeye mwenyewe alikuwa ameulalamikia mwaka mzima. Mama mkwe, aliyepaswa kuondoka Alhamisi, alisema hawezi kusafiri jambo likiwa nusu, akaweka kiti chake kwenye kona ya bafu, na kila aliyepita alipekuliwa kwa macho. Mtaa ulikuwa umeshajua, bila shaka. Watu walipita wanauliza mlangoni, "Limejifungua?" na kujibiwa, "Bado, subirini."

Jumatano bado. Jumamosi bado. Mama Bahasha alikwenda kazini na kurudi, na kila aliporudi alikuta gunia limelowa na mtu amekaa karibu yake. Usingizi ulipopungua alijikuta anawaza kwamba hata kama vikombe havitaota, tayari amepata kitu ambacho hakukiomba. Miaka sita alikaa ua ule akijua majina ya uyoga mia tatu na asijue kwamba mama wa chumba cha nne anashona, au kwamba Redio ana kumbukumbu ya tarehe kama daftari.

Jumanne ya wiki ya pili vilitokea vidoti, kama mtu amechovya sindano kwenye rangi ya njano. Jumatano vikafunguka. Kumi na moja. Alhamisi asubuhi alisikia mlango wake unagongwa kwa kiganja.

"Jirani, amka. Gogo linavuta sigara."

Redio alikuwa amevisogelea kuvihesabu, akapumua tu, na moshi ukapanda. Mama Bahasha alipiga magoti akapulizia mwenyewe. Sekunde moja, mbili, na ule ukungu mwembamba ukainuka kutoka vikombe vyote kwa pamoja. Akatoa kisu. Alikata vitano pamoja na ganda la mbao vililosimamia, akaviacha sita viendelee na maisha yao. Akakiminya kimoja ukingoni, mbele ya mashahidi. Redio alianza kuhesabu kwa sauti. Hakufika tatu, njano ikawa kijani.

Aliandika palepale, ameinama, kitabu juu ya goti: rangi, upana, kope, harufu ya udongo uliolowa. Alipofika hebaria akakata kwa wembe kipande chembamba, akakitia tone la maji, akakiweka chini ya darubini. Vifuko virefu vilijipanga, kila kimoja kina mbegu nane zimefuatana kama maharage kwenye ganda lake. Alichora. Akaviweka vilivyobaki kwenye sanduku la kukaushia, lenye balbu ya joto dogo, mlango wazi kidogo ili visipikike.

Mkuu alikuja kutazama. Aliomba kimoja, akakiminya yeye mwenyewe, akabaki anakitazama kidole chake cha kijani.

"Miaka mitatu nawaambia watu mzee alikosea," alisema. "Nitamwandikia. Hapana, nitakwenda mwenyewe." Akavuta karatasi za orodha, na kwenye namba mia tatu kumi na nane akafuta alama ya swali.

Mama Bahasha aliandika lebo: mahali, tarehe, kilikoota, jina la aliyeokota. Kisha akauliza kama anaweza kuongeza aliyelitunza gogo.

"Hakuna mstari wa aliyetunza."

"Basi niandike pembeni."

Mkuu alifikiri. "Andika pembeni," akasema.

Jumamosi mchana walikwenda kwa Mwalimu, Mama Bahasha na Redio, kwa sababu Redio alisema hawezi kukubali kuja kusimuliwa. Njiani aliongea mfululizo. Walipofika langoni, akanyamaza, akasema yeye atangoja hapo, hajavaa vizuri. Alikuwa amevaa nguo yake ya harusi za watu.

Mwalimu alikuwa barazani, uso ameuelekeza kwenye mwanga. "Huyo ni wewe," alisema kabla hajasalimiwa. "Unatembea kama unaogopa kukanyaga kitu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akamwekea bahasha mkononi. Mzee aliipima kwa vidole, akaitikisa kidogo sikioni. Yeye akamsomea lebo yote, mpaka ya pembeni.

"Kijani kilikuja upesi?"

"Kabla mtu hajahesabu tatu."

"Mimi nilifika nne." Alitabasamu. "Lakini huwa nahesabu haraka."

Njia nzima Mama Bahasha alikuwa amepanga maneno yake, ya kukiri kwanza, ya kushukuru baadaye. Yote yalikimbia. "Mwalimu, ile ya kwanza," alisema, "ni mimi niliye..."

"Sijapata kuwa na meza safi namna ile," mzee alisema.

Mama Bahasha akabaki amemtazama. "Ulijua."

"Chumbani mle tuliingia watu wawili tu, na mimi sina mazoea ya kupangusa meza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi. Uyoga nilijua utaota tena, leo au siku nyingine. Lakini mfagiaji anayefuta meza mpaka kwenye pembe, hao sikuwa nimewaona wengi. Nikasema, mtu wa namna hii akionyeshwa cha kutazama, atakitazama mpaka mwisho."

Mama Bahasha aliinama akamshika mikono yote miwili. Neno lililotoka lilikuwa moja tu, asante, akalirudia mpaka likaanza kuchoka. Mzee aliacha mikono yake ishikwe.

"Mimi ndiye wa kushukuru," alisema. "Ni vigumu kuambiwa hukuona ulichokiona. Nilikuwa nimeanza kuwaamini."

Mke wa Mwalimu alitokea mlangoni, anajifuta mikono kwa aproni. Alimkumbatia Mama Bahasha, akamlaumu kwa kupotea, akamlaumu kwa kukonda. Halafu akachungulia nje.

"Na yule aliyegandia getini ni nani? Anasoma mita?"

"Ni jirani yangu, mama. Ndiye aliyelitunza gogo."

"Aliyelitunza gogo ndiye mnamwacha juani?" Akashuka ngazi mbili, akapaza sauti. "Mwanangu wewe, njoo ndani tule."

Redio alijiweka sawa kitambaa. "Mimi sina shida, mama. Nimekula nyumbani."

"Sijakuuliza ulichokula kwenu. Maji ya kunawa haya hapa, na mimi nina hamu ya kuisikia hii habari kwa mtu anayejua kusimulia. Huyu mwenzio atanisomea lebo tu. Ingia, mwanangu, sahani yako nimeshapakua."